Njia za Lamu zifungwe kwa saa, si kwa siku

Ndugu Mhariri,

Naomba nafasi katika ukurasa wa barua za wasomaji ili nieleze jambo linalotugusa sisi wakazi wa mji wa kale wa Lamu kila mwaka, nalo ni namna njia zetu zinavyofungwa nyakati za sherehe. Mimi ni mwenye duka la nafaka na viungo kwenye Usita wa Mui. Nimezaliwa Langoni, upande wa kusini wa mji, na nimeishi humu umri wangu wote, isipokuwa miaka michache niliyokwenda kusoma Mombasa. Sherehe hizi nimezihudumia tangu utotoni, nilipokuwa nikipeleka sinia za chakula kwa wageni wa Maulidi hata kabla sijawa na nguvu za kuinua gunia. Kwa hiyo barua hii haipingi sherehe yoyote. Ni ombi kwa wanaoziandaa na kwa wanaozitolea kibali: njia zifungwe kwa saa zinazojulikana, tangazo litoke mapema, na katika kila shughuli ibaki njia moja isiyofungwa kwa sababu yoyote ile.

Msomaji wa Nairobi, au hata wa Malindi, huenda akashangaa kusikia habari za kufungwa kwa njia katika mji usiopitisha magari mitaani mwake. Huko kwao barabara moja ikizuiliwa, gari huzunguka likapita nyingine. Kwetu mji wote wa kale umeshikwa na njia mbili ndefu zinazokwenda sambamba, yaani njia ya pwani iliyo kando ya maji, na Usita wa Mui ulio nyuma yake. Wazee walitusimulia, na waliouchunguza mji kwa kalamu na kamba ya kupimia wamelieleza hilohilo, kwamba zamani Usita wa Mui ndio uliokuwa karibu na ufuo, na kwamba ardhi iliyo mbele yake hadi baharini ilijazwa baadaye, hasa katika karne ya 19. Kutoka kwenye njia hizi mbili vichochoro hupanda kuelekea upande wa juu wa mji, vingine vyembamba kiasi kwamba punda mwenye shehena na mtu mwenye kikapu hawawezi kupishana mpaka mmoja wao aingie katika daka, yaani kibaraza cha mlangoni, la nyumba ya watu, na vingine vimefunikwa juu na wikio, chumba kinachounganisha nyumba mbili juu ya vichwa vya wapitao. Waliovijenga walikusudia kivuli na sitara, na walifanikiwa sana, lakini hawakuvijenga kwa kupitishia mikokoteni. Ndiyo maana mzigo, mgonjwa na jeneza vyote huitegemea pwani au Usita wa Mui. Siku njia zote mbili zinapofungwa kwa pamoja, Mkomani, upande wa kaskazini, hukatika na Langoni, na pale katikati, Mkunguni, uwanja ulio mbele ya Ngome, ndipo panapokuwa pamesimamishwa jukwaa.

Sherehe iliyo kubwa kuliko zote kwetu ni Maulidi ya Msikiti wa Riyadha, tuliyoachiwa na Habib Swaleh, sharifu wa asili ya Ngazija aliyewafungulia darasa za dini watu ambao wakati ule walikuwa hawana pa kukaa katika darasa za wakubwa wa mji. Husomwa katika wiki ya mwisho ya Mfungo Sita, yaani Rabiul Awwal. Wageni hutoka Pate, Siyu na Faza, hutoka Malindi, Mombasa, Unguja na Ngazija, na nyumba nyingi za Langoni katika wiki hiyo hulaza watu hadi ukumbini. Pamoja na Maulidi yenyewe huwa kuna mashindano ya mashua na ya kuogelea, mbio za punda, bao, ngoma za goma na kirumbizi, na siku ya mwisho huwa kuna zefe, yaani msafara wa watu unaopita mjini kwa matwari na kasida.

Naomba nikae kidogo kwenye zefe, kwa kuwa ndani yake mna fundisho ambalo waandalizi wa shughuli mpya wangefaidika nalo. Zefe ni mkusanyiko wa watu wengi kuliko jukwaa lolote nililowahi kuliona Mkunguni, na inapopita kwenye njia hapana pa kutia hata sindano. Hata hivyo, njia hufungwa na watu wenyewe wanaokwenda, na hufunguka nyuma yao. Muda mfupi baada ya mstari wa mwisho kupita mbele ya duka langu, punda wameshaanza kupita tena, nami nimeshaanza kupima mchele. Kila mtu anajua zefe inatoka wapi, inapita wapi na inaishia wapi, kwa sababu ni njia ileile ambayo baba zetu waliipita. Nimewahi kuona matwari yakinyamazishwa na safu zikijibana ukutani ili jeneza lipite kwenda makaburini, kisha kasida ikaanza tena pale ilipokatizwa, na hakuna askari aliyehitajika kutoa amri. Huo ndio ufungaji wa njia ninaoutetea.

Shughuli ambazo zimeongezeka katika miaka ya karibuni zina tabia nyingine. Lipo Tamasha la Utamaduni la Lamu ambalo kwa kawaida huwa mwezi wa Novemba, na yapo matamasha ya chakula, ya sanaa na mengineyo yanayoleta wageni wa ndani na wa nje. Nayapenda na nayathamini, na kama mfanyabiashara sitasema uongo kwamba yananipunguzia mauzo. Katika wiki za sherehe iliki, mdalasini na mchele wa pilau huondoka dukani kwangu kuliko wakati mwingine wowote ukiondoa Ramadhani. Lakini shughuli hizi huja na vitu vinavyokaa. Jukwaa hujengwa siku mbili au tatu kabla, mahema husimamishwa, spika hupangwa, viti vya wageni wa heshima hupangwa mbele, na kamba hufungwa kutoka nguzo hadi nguzo. Shughuli yenyewe inaweza kuwa ya saa tatu, lakini njia huwa imekwisha kuzuiliwa tangu juzi yake, na kamba hubaki hadi kesho yake kwa kuwa hakuna aliyepewa jukumu la kuzifungua.

Nina sababu ya kulisema jambo hili kwa uchungu. Miaka michache iliyopita, katika shughuli moja ambayo sitaitaja wala sitawataja waandalizi wake, mkaza mwanangu alishikwa na uchungu wa uzazi mnamo saa nne asubuhi, nyumbani kwao upande wa Mkomani. Tulimlaza kwenye mkokoteni tuliotandika godoro, kama ambavyo wagonjwa wengi wa mji huu wamewahi kuchukuliwa, tukaelekea kusini tukikusudia kufika hospitali. Njia ya pwani tulikuta imefungwa kwa kamba tangu alfajiri kwa ajili ya mbio za punda zilizokuwa zianze alasiri. Tulipopanda kurudi Usita wa Mui, tulikuta karibu na Ngome mahema yamegusana ukuta kwa ukuta, na meza za maonyesho zimejaza upana wote uliobaki. Tulifikiria chombo, lakini maji yalikuwa yamekupwa, ngazi za karibu zilikuwa juu ya matope matupu, na gati lenye kina lilikuwa limeshikwa na boti zilizoleta wageni. Mwishowe vijana wanne walimbeba kwenye kiti kupitia vichochoro vya juu, wakimshusha kila kona ili wapumzike na yeye apumue. Mwendo ambao siku ya kawaida hauzidi nusu saa ulituchukua saa nzima na dakika ishirini.

Alijifungua salama, alhamdulillahi, na mtoto sasa anakwenda chekechea. Siwalaumu wale vijana waliokuwa wakilinda kamba. Walikuwa watoto wa mji huu, wengine nawajua baba zao, na nilimwona mmoja wao akitokwa na machozi kwa kutojua la kufanya. Walikuwa wameambiwa tu kwamba mkokoteni usipite. Hakuna aliyewaambia ni nani wampitishe, hakuna aliyewapa namba ya mtu wa kumuuliza, na aliyekuwa na mamlaka ya kufungua kamba alikuwa Manda akipokea wageni uwanja wa ndege. Kosa lilifanyika mezani wiki kadhaa kabla, pale shughuli ilipopangwa bila kuulizwa swali moja: mgonjwa atapita wapi?

Swali hilo lina ndugu yake, nalo ni la moto. Langoni bado tunazo nyumba nyingi zilizoezekwa makuti, na kila mtu aliyekulia huku anajua jinsi cheche moja inavyoruka paa hadi paa wakati upepo unapovuma. Gari la zimamoto haliwezi kuingia vichochoroni mwetu. Kinachotuokoa ni watu wengi kufika haraka wakiwa na ndoo na mipira ya maji, na watu hao hupita kwenye njia zilezile tunazozifunga kwa kamba. Sitalirefusha, aliyewahi kubeba ndoo usiku ananielewa.

Jambo ambalo nadhani waandalizi wengi hawalifikirii kabisa, hasa wanaotoka nje ya visiwa hivi, ni maji ya bahari. Katika miji ya bara mtu anaweza kusema njia ifungwe kuanzia asubuhi hadi saa sita, na athari yake ikawa ileile siku yoyote ya mwaka. Kwetu athari hutegemea bamvua, siku ambazo maji hujaa na kukupwa sana, na maji mafu, siku ambazo hujaa na kukupwa kidogo. Mboga na matunda yetu hutoka bara, Mpeketoni na Hindi, yakapakiwa Mokowe, na mchanga, mawe, boriti na saruji huletwa kwa mashua ambazo nyingi hukaribia ukuta wa pwani maji yanapokuwa yamejaa. Chombo kikifika maji yakiwa yamejaa kikakuta pwani imefungwa, hakiwezi kungoja. Maji yatakupwa, kitakaa kwenye matope, na mzigo utateremshwa katika kujaa kwa pili, yaani baada ya zaidi ya saa kumi na mbili, au kesho yake. Kwa hiyo saa tatu za kufungwa kwa njia zinaweza kuwa saa tatu kweli, au zinaweza kuwa siku nzima ya kazi ya hamali iliyopotea, kutegemea zimeangukia wapi katika maji ya siku hiyo. Hamali halipwi mshahara, hulipwa kwa safari, na siku asiyobeba ni siku ambayo hakuna kinachoingia nyumbani.

Tena maji hayatuvizii. Kila siku hujaa kwa kuchelewa kiasi cha dakika hamsini kuliko jana yake, na manahodha wetu wanaweza kukwambia bila kutazama karatasi yatajaa saa ngapi Ijumaa ijayo. Wanajua pia kwamba bamvua hufuatana na mwezi mwandamo na mwezi mpevu, na kwamba katika bamvua maji yetu hujaa alasiri, wakati uleule ambao sherehe nyingi hupendelewa kufanywa kwa kuwa jua limepoa. Kwa kuwa Maulidi huangukia mwishoni mwa mwezi, kuna miaka ambayo siku zake za mwisho hukaribiana na bamvua, na njia ya pwani hupata umati wa watu upande mmoja na maji yanayopiga ukuta upande wa pili. Mpangaji aliyekaa na nahodha mmoja na mwenye punda mmoja kwa nusu saa, kabla ya kuandika ratiba, angejua ni saa zipi za kuiacha pwani huru na ni saa zipi za kuifunga bila kumuumiza mtu.

Nimetaja wenye punda, na ni haki waulizwe mapema kuliko wote, kwa sababu mbio za punda ndizo zinazopendwa mno na wageni, na punda wanaoshindana ni hao hao wanaobeba mzigo siku nyingine. Kituo cha kutibu punda kilichoanzishwa mwaka 1987 kipo hapo hapo kwenye njia ya pwani. Njia ikifungwa, punda mgonjwa naye hafiki kwa daktari wake. Siku hizi kuna pikipiki pia, ambazo zimeingia mjini kuliko tulivyotarajia, na mara nyingi nimeona njia iliyofungwa kwa punda na mkokoteni ikipitisha pikipiki kwa sababu tu mpanda pikipiki anafahamiana na mlinzi wa kamba. Kama njia imefungwa, naifungwe kwa wote, na kama ina ruhusa maalumu, naiwe kwa haja na si kwa kujuana.

Upande wa soko nao haujasemewa. Soko letu liko ubavuni mwa Ngome, hatua chache kutoka Mkunguni, na jukwaa linapowekwa Mkunguni mlango wa soko huwa nyuma ya jukwaa. Wakubwa wa maduka kama mimi tunaweza kufunga siku moja na kesho yake tukauza kitu kilekile. Mama anayeuza mchicha na bamia, au kijana aliyeletewa samaki alfajiri, hana kesho. Nimewaona akina mama wakiuza nusu bei saa tano asubuhi kwa kuwa wanunuzi hawawezi kuwafikia, huku upande wa pili wa turubai kukiwa na mamia ya watu wenye njaa na pesa mfukoni. Kuligeuza jukwaa likatazama upande mwingine, au kulisogeza hatua kumi, kungewatosha, lakini lazima aulizwe mtu anayelijua soko.

Niseme pia neno moja kuhusu kuta. Mji huu ulitangazwa kuwa Urithi wa Dunia mwaka 2001, na mara nyingi heshima hiyo hutajwa jukwaani siku ya ufunguzi. Wakati hotuba inasomwa, kamba za turubai zinakuwa zimefungwa kwenye nguzo za madaka ya watu na misumari imepigwa kwenye lipu ya chokaa iliyowekwa na mafundi ambao hatuna tena wengi wa mfano wao. Mahema yasimame kwa miguu yake yenyewe.

Kuhusu sheria, sidhani kama tuna upungufu. Katiba ya 2010, katika Jedwali la Nne, imeziweka mikononi mwa serikali za kaunti barabara za kaunti, usafiri na magati, na katika orodha hiyohiyo imeziweka shughuli za utamaduni na burudani za hadhara. Yaani anayesimamia njia na anayesimamia sherehe wamewekwa chini ya paa moja, na hakuna sababu ya mmoja kutojua mwenzake anafanya nini. Sheria ya Utengamano wa Umma (Public Order Act) nayo inamtaka mwenye kuandaa mkutano au maandamano ya hadhara awape polisi taarifa kati ya siku tatu na siku kumi na nne kabla. Taarifa hiyo ni ya polisi, lakini naona hakuna kinachozuia nakala yake ibandikwe mahali ambapo muuza bamia anaweza kuisoma. Siku kumi na nne zinamtosha mwenye mashua kubadilisha safari, zinamtosha fundi kuagiza mchanga mapema, na zinamtosha mama mjamzito kuhamia kwa jamaa walio karibu na hospitali kama siku zake zimekaribia.

Tangazo lenyewe liandikwe kwa Kiswahili kinachoeleweka, likitaja njia gani, kutoka wapi hadi wapi, saa ya kufunga na saa ya kufungua, na namba ya mtu mmoja ambaye atakuwepo mjini siku hiyo na mwenye uwezo wa kusema kamba ifunguliwe. Lisomwe katika misikiti baada ya sala ya Ijumaa, lisomwe katika redio, lipewe wazee wa mitaa na machifu, libandikwe gatini Lamu na gatini Mokowe ili anayekuja ajue kabla hajapanda boti. Mwaka ambao nilijaribu kuuliza ratiba, nilipata majibu matatu kutoka kwa watu watatu, kila mmoja akiapa kwamba lake ndilo la kweli.

Hata afadhali zaidi ingekuwa kalenda moja ya mwaka mzima, yenye sherehe zote, za dini na za utamaduni, kwa tarehe za miezi miandamo na za miezi ya kawaida zikiwa zimewekwa sambamba. Mwaka wa Kiislamu ni mfupi kwa siku kumi au kumi na moja, kwa hiyo Maulidi husogea kila mwaka huku tamasha la Novemba likibaki mahali pake. Mwaka 2018 Mfungo Sita ulianza mwezi wa Novemba, na wanaokumbuka wanajua jinsi miezi ya namna hiyo inavyolemea mji. Jambo kama hilo linaweza kuonekana miaka mingi kabla halijafika, kwa hesabu ambayo mwanafunzi wa madrasa anaiweza. Na katika Novemba hiyohiyo watoto wetu wa kidato cha nne huwa katika mtihani wa kitaifa. Wapo wanaotoka Mkomani kwenda kufanyia mtihani upande wa pili wa mji, na haifai mtoto afike chumba cha mtihani akihema kwa kuwa alizungushwa na kamba.

Najua yapo majibu yatakayotolewa. Litasemwa la usalama, kwamba watu wakiwa wengi lazima njia zifungwe na zikaguliwe. Nakubali. Sisi tuliokaa chini ya amri ya kutotoka nje usiku mwaka 2014, baada ya mashambulizi ya Mpeketoni, hatuhitaji kufundishwa thamani ya usalama, wala thamani ya mji unaoweza kukesha kwa kasida bila hofu. Lakini usalama wa umati unahitaji njia ya kutokea kuliko kitu kingine chochote. Watu elfu moja waliobanwa baina ya mahema na ukuta wa Ngome, bila upenyo wa kutoa aliyezimia, hao hawako salama hata kama askari wamesimama kila pembe. Litasemwa pia kwamba nafasi ni ndogo, haiwezekani kuacha njia. Nimepima mwenyewe mbele ya duka langu na karibu na Mkunguni: ukiacha upana wa mkokoteni mmoja na mtu mmoja wa kupishana nao, bado meza za maonyesho zinapata mahali, ila zitakuwa safu moja badala ya mbili. Safu ya pili inaweza kukaa ndani ya ua wa Ngome, ambao ni mpana na una kivuli.

Ombi langu la mwisho ni dogo na halihitaji bajeti. Kabla ya shughuli inayofuata, waandalizi waite kikao cha alasiri moja, wakae na nahodha, mwenye punda, hamali, muuza mboga, mkunga, mzee wa mtaa kutoka Mkomani na mwingine kutoka Langoni, waweke mezani mchoro wa mji, na watie rangi ile njia moja ambayo kamba haitafungwa. Mwaka mmoja inaweza kuwa ya pwani, mwaka mwingine Usita wa Mui, kutegemea shughuli iko wapi na maji yanajaa saa ngapi. Vijana wa kamba waonyeshwe mchoro huo, waambiwe kwa maneno yasiyo na utata kwamba mgonjwa, jeneza, na mtu anayekimbilia moto hawasimamishwi wala hawaulizwi. Kikao hicho kikihitaji mahali, baraza ya duka langu iko wazi baada ya sala ya alasiri, na kahawa nitaitoa mimi.

Mwenye duka, Usita wa Mui,
Lamu